Mvula inanyesha, mayi haiingie mu bulongo: juu ya nini?

Kila mwaka ni habari moja. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, kwetu Katanga mvula karibu haionekane, vumbi nyekundu inaingia mpaka ndani ya chungu. Kisha mwezi wa kumi unafika, mawingu yanajikusanya, mvula ya kwanza inaanguka kwa nguvu, na mama wanatoka mbio na mabeseni.

Sasa, tazameni chini. Katika lupango iliyofagiwa kila asubuhi, maji hayaingii. Yanasimama dakika mbili tatu, yanageuka mekundu, kisha yanakimbilia barabarani na kuingia mufereji. Kesho yake jua likiwaka, pale pale panakuwa pagumu sawa simenti, hata jembe linarudi. Lakini hatua kumi tu kutoka pale, chini ya muti wa maembe, kando ya shimo la takataka, mvula ile ile imeingia yote. Ukisukuma kidole, kinapita. Ukishika udongo ule, unamwagika mkononi kwa vipande vidogo vidogo, sawa makombo ya mkate.

Katika cité moja, mama mmoja alisimama mulangoni na kumwita bwana yake, ambaye ni mfanyakazi wa kiwanda cha kusaga na kuosha mawe ya shaba.

— Papa batoto, ona! Bulongo ni moja, mvula ni moja. Juu ya nini hapa mayi inakimbia, na pale inaingia?

— Pale kuko mchanga, mama.

— Hapana. Miye njo minalimaka, weye uko ku kazi. Bulongo ya hapa na ya pale iko moja. Iko kitu ingine.

Yule papa hakuwa na jibu. Na kusema kweli, wengi wetu hatuna. Ndiyo maana leo tunataka kuwaeleza jambo hili pole pole, kwani si mchezo: jamaa nyingi za wachimbaji zinakula sombe, lengalenga na mahindi kutoka bustani ya nyumbani, na mvula inayokimbia barabarani ni chakula kinachokimbia pia.

Chembe ndogo kuliko vumbi

Udongo wetu mwekundu si kitu kimoja. Ndani yake kuna mchanga, kuna vumbi laini, tena kuna udongo wa mfinyanzi, ule wa kufinyangia vyungu. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo sana: haifiki mikroni 2. Ndio kusema, ukipanga chembe 500 mstari moja, hazifiki hata milimita 1. Tena haiko ya mviringo sawa mbegu. Iko bapa sawa karatasi. Kwa sababu hiyo uso wake ni mkubwa kupita mawazo. Gramu 1 tu ya kaoliniti, aina ya mfinyanzi inayojaa katika udongo mzee mwekundu wa nchi za joto, iko na uso wa mita za mraba 10 mpaka 20. Ni chumba kizima cha nyumba kwenye ncha ya kijiko!

Kila chembe inabeba umeme kidogo. Juu ya uso wake umeme ni hasi. Pembeni, kama udongo uko na asidi sawa udongo wetu mwingi, umeme unakuwa chanya. Kuna pia kutu ya chuma, ile inayotia udongo wetu rangi nyekundu: nayo katika asidi ni chanya. Mnajua sheria yake: hasi na hasi zinasukumana, hasi na chanya zinavutana. Kwa hiyo chembe za mfinyanzi zinaweza kukimbiana au kushikana, kufuatana na kile kilichoingia katikati yao.

Zikikimbiana, kila chembe inatembea peke yake ndani ya maji. Inaingia katika kila tundu dogo la udongo na kuliziba. Maji yakikauka, chembe zinalala moja juu ya nyingine sawa karatasi zilizopangwa mezani. Hapo ndipo unapata lile ganda gumu la lupango.

Zikishikana, zinafanya madonge madogo. Kati ya donge na donge kunabaki nafasi: humo maji yanapita, hewa inaingia, mizizi inatembea. Udongo ni ule ule, uzito ni ule ule. Mupango wa ndani ndio umebadilika.

Wale wa kiwanda wanaijua kazi hii

Yule papa wa kiwanda hakujua, lakini jibu la bibi yake alikuwa analiona kila siku ku kazi.

Jawe likisagwa kuwa unga ili shaba itoke, kinachobaki ni matope laini sana. Matope hayo yanaingia katika lile tangi kubwa la mviringo, ambamo yanatulizwa: tope linashuka chini, maji safi yanapita juu ya ukingo na kurudi kufanya kazi tena. Lakini chembe laini hazipendi kushuka. Chembe ya mikroni 2 peke yake, katika maji yaliyotulia, inatumia karibu saa 8 kushuka sentimita 10 tu. Kiwanda gani kitangoja vile?

Ndipo wanatia dawa, ile wanaita flokulanti. Dawa hiyo ni nini? Ni minyororo mirefu sana ya kikemia. Munyororo moja unashika chembe huku kwa mukono moja, chembe nyingine kule kwa mukono mwingine, mpaka mamia ya chembe yanakuwa donge moja. Donge ni zito, linashuka mbio. Mufanyakazi anaona kwa macho yake: matope yanakatika sawa maziwa yaliyoganda, na maji yanakuwa meupe juu.

Tena wale wa kazi hii wanajua mambo mawili. La kwanza: ukikoroga kwa nguvu, madonge yanavunjika. La pili: ukitia dawa kupita kipimo, kila chembe inafunikwa na munyororo wake, haitafuti tena mwenzake, na matope yanakataa kushuka. Shikeni mambo hayo mawili, tutayakuta tena shambani.

Nani anapika gundi ya shamba?

Chini ya muti wa maembe hakuna mutu aliyetia flokulanti. Lakini minyororo iko. Inapikwa na vitu vinavyoishi na vinavyooza.

Majani yakianguka, maganda ya muhogo yakitupwa, mavi ya kuku na ya mbuzi yakirundikana, vidudu visivyoonekana kwa macho vinaanza kula. Vikila, vinatoa ute wa sukari, minyororo mirefu inayonata. Mizizi iliyo hai nayo inatoa ute kwenye ncha zake ili ipite vizuri kati ya mawe. Ute huo unashika chembe za mfinyanzi sawa kabisa na dawa ya kiwanda. Kisha kuna uyoga mudogo wa udongoni, si ule tunaopika na bukari, lakini ndugu yake: nyuzi zake nyembamba zinazunguka madonge na kuyafunga sawa kamba inavyofunga mufuko. Na nyungunyungu anakula udongo pamoja na majani, anayachanganya tumboni, anayatoa kama vidonge vilivyoshikana.

Mwaka 1982, wataalamu wawili wa Australia, Tisdall na Oades, walipanga mambo haya vizuri, na mpaka leo maneno yao yanafundishwa. Walionyesha kwamba donge la udongo linajengwa sawa nyumba. Kwanza kuna matofali: madonge madogo yasiyofika robo ya milimita, yaliyoshikwa na mboji ya zamani pamoja na chuma, aluminiamu na kalsiamu. Hayo ni magumu, yanadumu miaka na miaka. Kisha matofali hayo yanaunganishwa kuwa madonge makubwa kwa mizizi na nyuzi za uyoga, na kazi hiyo inadumu miezi au miaka michache. Ute wa sukari ndio wa mbio kuliko vyote: unashika haraka, lakini katika wiki chache vidudu vingine vimeshaula.

Hapa ndipo siri ya mambo. Gundi ya shamba ni chakula, na chakula kinaliwa. Mutu aliyetia mboji mara moja mwaka juzi, leo asiseme udongo umemudanganya. Udongo unataka kulishwa kila mwaka, sawa na mutoto.

Iko neno lingine. Mboji iliyofungwa ndani ya donge haiharibiki upesi, kwa kuwa hewa na vidudu haviifikii vizuri. Donge linalinda mboji, mboji inalinda donge. Lakini tukilimalima udongo ule ule kila wiki, tunavunja madonge. Mboji inabaki uchi, inaliwa, kaboni yake inaruka kama hewa. Ni sawa na kukoroga kwa nguvu ndani ya tangi la kiwanda.

Na kuna moto. Tunarundika majani, tunachoma, tunasema tunafanya usafi. Majivu yanabaki na faida yake, tutaona. Lakini ile minyororo yote iliyokuwa inakuja udongoni imekuwa moshi.

Mara nyingine mboji inavuruga

Msifikiri lakini kwamba kila kitu kilichooza kinashikanisha udongo wakati wote. Hapana. Wengine wanashangaa: wanamwaga maji meusi ya majani yaliyooza kwenye tope, wanategemea litatulia, kumbe linabaki limevurugika siku nzima.

Sababu yake ni ule umeme. Maji yale meusi sawa chai yanabeba asidi za mboji zilizoyeyuka. Asidi hizo ni hasi. Zinakimbilia pembe chanya za mfinyanzi na kutu ya chuma, zinazifunika. Sasa chembe yote imekuwa hasi, pembeni na usoni. Hasi na hasi zinasukumana: chembe zinatengana, tope linabaki linaelea. Ni kama ile dawa ya kiwanda iliyopita kipimo.

Nini kinarudisha amani? Kalsiamu. Kalsiamu iko na umeme chanya mara mbili, kwa hiyo inaweza kushika mboji huku na mfinyanzi kule, sawa mutu anayeshika mikono ya wagomvi wawili. Kalsiamu inapatikana ndani ya chokaa, tena ndani ya majivu ya kuni. Ndiyo maana mboji na majivu kidogo pamoja vinafanya kazi vizuri kuliko kila kimoja peke yake. Tumesema kidogo: majivu ni makali, na yakizidi yanavuruga udongo na kuunguza miche.

Kinyume cha kalsiamu ni sodiamu, ile ya chumvi ya kula na ya sabuni nyingi. Sodiamu inatenganisha chembe. Mama anayemwaga maji ya kufulia nguo palepale bustanini kila siku, asishangae udongo ukifunga.

Tena si mboji yote iliyo hasi. Mnaujua muti wa moringa, ambao leo unapandwa katika malupango mengi. Kule Sudan, kandokando ya muto Nile, wanawake walizoea kusaga mbegu zake na kuzikoroga ndani ya maji yenye matope. Ndani ya mbegu kuna protini iliyo chanya. Inavuta chembe za mfinyanzi, zinakuwa madonge, zinashuka, na maji yanabaki meupe juu. (Lakini maji meupe si maji yasiyo na magonjwa: lazima kuyachemsha.) Mnaona basi: kitu kimoja kinachotoka kwa muti kinaweza kushusha matope, kingine kinaweza kuyaelesha. Yote inategemea umeme wake na urefu wa minyororo yake.

Kwa mukulima, maana yake ni fupi: usitegemee juisi ya mboji peke yake. Tia mboji yenyewe, pamoja na mizizi iliyo hai na kalsiamu kidogo.

Kichuguu kinatufundisha

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa na fundi, aende kutazama kichuguu. Vichuguu vikubwa vya huku Katanga vinajulikana na wataalamu wa dunia. Vingine vinapita mita 5 kwa urefu, sawa nyumba. Wataalamu walichukua udongo ndani ya vichuguu vya kandokando ya Lubumbashi, wakapima kaboni yake ili kujua umri, wakaona kimoja kimepita miaka 2000. Fikirini: mvula ya miaka 2000 ilipiga juu yake, na hakikuanguka!

Mchwa wanafanya nini? Wanaleta mfinyanzi kutoka chini sana, chembe kwa chembe, wanauchanganya na mate yao, wanaujenga. Mate ni gundi. Tena ndani ya kichuguu kalsiamu inajikusanya kwa miaka mingi. Gundi na kalsiamu: ni dawa ile ile tuliyosema. Wafyatuaji wa matofali wanajua bila kusoma: udongo wa kichuguu ndio unaoshikana vizuri. Na wazee wetu walijua kupanda mahindi juu ya kichuguu cha zamani, au kuvunja udongo wake na kuutawanya shambani.

Neno juu ya shaba ndani ya udongo

Sisi watu wa mine tuko na shida moja zaidi. Pale moshi wa kiwanda ulipoanguka kwa miaka mingi, au pale mabaki ya kusaga mawe yalipomwagwa, udongo unabeba shaba na metali nyingine kupita kipimo. Huko majani yalikufa, mizizi ikafa, basi na gundi ikaisha. Udongo ukabaki uchi: mvula inauosha, upepo unaupeperusha, vumbi inaingia ndani ya nyumba.

Lubumbashi watu wanapajua Penga Penga, upande ambao upepo ulikuwa unasukuma moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walijaribu pale kurudisha majani. Waliona kwamba mboji na chokaa vinasaidia: mboji inashika shaba kwa nguvu, chokaa inapunguza asidi, na aina fulani za majani zinazozoea shaba zinaanza kushika chini. Mizizi ikirudi, madonge yanarudi, na vumbi inapungua.

Lakini tusidanganyane. Mboji haiondoi shaba. Inaishika tu, shaba ingali pale. Udongo wa namna hii ni wa kupandia majani ya kufunika chini, si wa kupandia mboga za batoto. Na mahali popote karibu na kiwanda, mboga zioshwe vizuri kwa maji safi, kwa kuwa sehemu ya metali inakuja na vumbi iliyolala juu ya majani.

Tufanye nini mu lupango?

Mama mmoja atasema: «Basi munataka tuache kufagia? Nyoka itaingia!» Hapana, mama. Pale batoto wanachezea na wageni wanakaa, fagieni. Tunasema juu ya bustani na pembe za lupango. Haya ndiyo ya kufanya:

Moja: usichome majani. Yale uliyofagia mbele ya nyumba, yapeleke kwenye bustani au kwenye shimo. Chimba shimo la kadiri ya mita moja, tia maganda ya muhogo, majani ya maharagwe, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, mavi ya kuku au ya mbuzi, majivu kidogo. Lowanisha, funika, geuza mara kwa mara. Lakini plastiki, chupa na mabatri ya zamani ya radio visiingie humo hata kidogo: batri inabeba sumu.

Mbili: funika chini. Tone la mvula linaanguka sawa nyundo ndogo juu ya donge. Tena donge kavu likipata maji ghafla, hewa iliyofungwa ndani inalipasua. Majani makavu yaliyotandikwa kati ya mistari yanapokea nyundo hiyo, na maji yanashuka pole pole.

Tatu: punguza kulima. Lima pale unapopanda, acha pengine patulie.

Nne: usiache udongo bila mizizi. Mahindi yakitoka, acha matembele au maharagwe yashike nafasi. Muzizi ulio hai unapika gundi kila siku, bure.

Tano: usingoje ajabu ya siku moja. Ute wa kwanza unashika katika wiki chache, lakini matofali magumu yanajengwa kwa miaka. Anayeanza mvula hii, ataona kidogo mwaka huu, na zaidi mwaka kesho.

Jaribu na glasi mbili

Hatutaki mutuamini tu. Kuna jaribio ambalo linafanana na lile Emerson, mutaalamu mwingine wa Australia, alilotangaza mwaka 1967, na linafanyika ndani ya kila nyumba.

Chukua donge moja la udongo pale panapofagiwa, kubwa sawa ncha ya kidole. Chukua lingine la kadiri ile ile chini ya muti au chini ya majani ya zamani. Yaache yakauke siku mbili tatu ndani ya nyumba. Kisha jaza maji safi katika glasi mbili, bora ya mvula, na uweke kila donge pole pole bila kukoroga. Tazama.

Donge lisilo na mboji mara nyingi linavunjika katika dakika chache. Likivunjika tu na vipande vikalala chini, shida ni gundi: linataka mboji. Likivunjika tena maji yakazungukwa na wingu sawa moshi, chembe zenyewe zinakimbiana: linataka mboji na kalsiamu. Donge la chini ya muti, kama liko na afya, linabaki limekaa chini ya glasi, na maji yanabaki meupe.

Yule papa wa kiwanda alilifanya jumapili, baada ya misa, batoto wote wakizunguka meza. Donge la mbele ya nyumba lilianguka sawa sukari ndani ya chai. Lile la chini ya muembe halikusogea. Alikaa kimya, kisha akasema:

— Mama batoto, ile bulongo ya ku muembe iko na flokulanti.

— Iko na nini?

— Na mavi ya mbuzi yako.

Batoto wakacheka. Lakini toka siku ile, moto wa majani haujawaka tena mu lupango yao.

Tumalizie na neno moja. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walipotoka katika mupango wa kuondoka kwa hiari. Mutu aliyekuwa na miaka 20 au 30 chini ya ardhi akajikuta na jembe mkononi, mbele ya udongo aliokuwa ameufagia na kuuchoma maisha yake yote. Jawe la shaba likitolewa halirudi. Udongo sivyo: ukilishwa unarudi, na unaweza kuachiwa batoto ukiwa muzuri kuliko ulivyoupata. Mvula ya mwaka huu haijaisha. Shimo la mboji mutu anaweza kulichimba leo jioni, akitoka kazi.